Laini ya Bondeni

Tarsis Shirima alikuwa mtu wa Rombo, na miaka yote aliyokaa Kariakoo hakuacha kuvaa koti. Jua lingepiga mabati ya Mtaa wa Sikukuu mpaka yaalike, yeye ungemwona anapita na koti lake la kaki alilorudi nalo kutoka vitani Burma, vifungo vyote vimefungwa. Majirani walimcheka, kisha wakamzoea. Mkewe Severa, aliyekuwa na meza ya ndizi mshale na magimbi pale sokoni, aliwaambia wateja wake kwamba mume wake aliiacha Bama lakini Bama haikumwacha.

Alisema kwa utani, lakini kweli ndiyo hiyo. Katika Keya, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, Tarsis alikuwa mtu wa simu ya upepo. Siku moja huko msituni kundi la wenzao lilizingirwa ng'ambo ya mto, na aliyebeba simu ya kundi lile alikuwa Theophil wa Kilema, rafiki yake wa tangu mafunzoni. Theophil akaita. Tarsis alimsikia vizuri kama mtu aliye chumba cha pili, ila hakuweza kumpatia wa kumwokoa, maana wimbi lile lile lilikuwa limejaa makarani wa stoo wanaoulizana habari za viatu na magunia ya mchele. Kila alipoomba njia, sauti nyingine ilimfunika. Theophil aliita, akaita, mwisho akanyamaza. Makarani waliendelea na viatu vyao.

Kutoka huko Tarsis alirudi na imani moja, na aliishika kama watu wanavyoshika dini: penye sauti nyingi lazima awepo mmoja mwenye uwezo wa kuzinyamazisha zote.

Baada ya vita alipata kazi ya nyaya za simu mjini Dar es Salaam. Alianza kwa kupanda nguzo, akapelekwa darasani, akawa fundi anayekaa mezani na kalamu. Bosi wake alikuwa Mwingereza mmoja mrefu, mpole, Bwana Pettifer, ambaye alisema Kiswahili polepole kana kwamba kila neno ni yai. Walielewana. Wote wawili walikuwa watu wa kazi, na wote wawili hawakupenda kuzungumzia vita.

Ilipofika mwaka wa hamsini na tatu, habari za Kenya zilikuwa zimewatia wakubwa hofu. Serikali ikataka kujua: yakitokea hapa, nani atampigia nani? Jibu likawa la aibu. Polisi walikuwa na simu yao ya upepo isiyosikika na mtu mwingine. Faya walikuwa na simu moja ya mezani. Hospitali nayo kivyake, bandari kivyake, kambi ya askari kivyake. Ghala moja la kopra lilipowaka Gerezani, hospitali ilipata habari pale watu walioungua walipofikishwa mlangoni juu ya mkokoteni. Basi Bwana Pettifer akaagizwa achore mtandao mmoja utakaowaunganisha wote, na akamchukua Tarsis wachore pamoja.

Kazi ile Tarsis aliipenda kuliko kazi yoyote. Pettifer alipiga hesabu za umeme na urefu wa waya. Tarsis alitembea mji mzima kwa miguu, nguzo kwa nguzo, kutazama wapi waya utapita bila kukatwa na malori ya bandarini wala kuzama masika. Jioni walikutana juu ya karatasi kubwa na kubishana kwa adabu. Mwisho wakapata chumba kimoja, ndani yake ubao mmoja wa simu. Kila kituo kilikuwa na kibati chake kidogo cha shaba juu ya ubao. Kituo kikiita, kibati kinaanguka, na aliyeketi hapo anachomeka waya na kukiunganisha na yeyote, au na wote kwa mara moja. Kando ya ubao iliwekwa meza ya simu ya upepo ya polisi. Mahali pale pakaitwa Ubao wa Dharura.

Likabaki swali moja: wote wakisema kwa pamoja, nani asikilizwe? Maofisa wa kambi walitaka wapewe ufunguo. Ukizungushwa kule kambini, vituo vingine vyote vinafungwa midomo, laini inabaki ya askari na polisi peke yao. Pettifer hakuupenda.

"Ukimpa mtu mmoja uwezo wa kuwanyamazisha wote," alisema, "siku moja atawanyamazisha bila kujua alichonyamazisha. Wewe unaonaje, Tarsis?"

Tarsis hakuhitaji kufikiri. "Bwana, mimi nimemsikia mtu akifa kwa sababu hakuna aliyenyamaza. Wapeni ufunguo."

Pettifer akauchora. Waliacha kitu kimoja tu: ufunguo ulifunga vinywa, haukufunga masikio ya ubao. Aliyeketi pale angeendelea kusikia vituo vyote, ili ajue laini inapofunguliwa. Ila kusema naye hangeweza.

Kituo cha mwisho kuongezwa kilikuwa cha bonde la Jangwani. Kila masika Mto Msimbazi ulivimba na kuchukua mabanda, na mji ulipata habari maiti zikishaokotwa. Tarsis ndiye aliyesema pawepo na mtu wa kuutazama mto, na ndiye aliyelipata duka la Ghanim bin Humoud, chini kabisa mteremko unapoishia. Ghanim alikuwa Mwarabu wa siku nyingi mjini, mtu wa biashara ya nazi na kopra, aliyeshinda njiani kati ya Bagamoyo na Kisiju. Duka liliendeshwa na mkewe, Bi Zeina.

Siku walipofunga simu ukutani, Bi Zeina alisimama na mikono kiunoni akiitazama.

"Sasa mnyama huyu anakula nini?"

"Anakula maneno tu, Bi Zeina."

"Basi amefika nyumbani."

Kazi yake ilikuwa kutazama mti uliopakwa rangi, uliosimikwa ukingoni. Maji yakipita alama nyekundu, anyanyue mkonga wa simu. Na kila asubuhi alitakiwa aujaribu waya. Wengine wangesema neno moja wakakata. Bi Zeina hakuwa hivyo. Kibati cha Bondeni kingeanguka, Tarsis angesema, "Ubao wa Dharura," na ile sauti nene yenye kicheko ndani yake ingejibu, "Bondeni hapa. Maji yako chini, bei ya unga iko juu." Siku nyingine alimwuliza kama Severa amepata ndizi nzuri, siku nyingine alimsimulia ndoto. Wapo walionong'ona kwamba simu ya serikali dukani kwake ni sikio la kuwachongea watu wa chama wanaodai uhuru. Aliwajibu kwamba sikio lile linasikia mto peke yake, na mto haujachukua kadi.

Tarsis, ambaye watu walimwona mkavu, alikuwa akifika kazini mapema ili asiikose simu ile.

Masika ya pili tangu ubao uwekwe, mvua kubwa ilinyesha Pugu na huko juu kwenye vilima, siyo mjini. Mjini kulikuwa na mawingu na joto, watu wanaendelea na shughuli zao, wapagazi wa sokoni wamevua mashati. Alasiri, kibati cha Bondeni kikaanguka, na haukuwa wakati wake.

"Ubao wa Dharura."

"Tarsis, maji yamepita alama." Safari hii hakukuwa na kicheko. "Yamekuja ghafla, yana miti mizima ndani. Wenye bustani za mchicha wamewahi kupanda juu. Lakini ng'ambo kuna wanawake na watoto juu ya paa la nyumba. Wanataka mashua."

"Nakuunganisha na bandari na faya sasa hivi. Usiondoke, Bi Zeina."

"Siondoki. Niende wapi na duka hili?"

Tarsis akachomeka waya wa bandari. Mtu akaitika, "Bandari," na papo hapo sauti ikazimika kama iliyofunikwa kwa kiganja. Taa nyekundu ya kambi ikawaka juu ya ubao.

Kwenye meza ya simu ya upepo alikuwapo Kitwana, mwenzake wa zamu, mtu wa Mafia, mtaratibu. Akageuka na visikilizio vyake masikioni. "Polisi wanasema kuna umati unapanda Mtaa wa Msimbazi mbio, una majembe na mapanga. Kambi imechukua laini."

"Kitwana, wale ni watu wa mchicha. Wanayakimbia maji."

"Mimi nakuamini, wao hawajui. Mvua hainyeshi, nani atafikiria maji?"

Tarsis akajaribu kuingia kwenye laini ya kambi. Ufunguo ulikuwa umemfunga kinywa kama ulivyowafunga wengine. Kitwana akajaribu kuwaambia polisi kwa simu ya upepo. Akajibiwa kwa Kiingereza kikavu aache njia, pana maagizo yanapita. Akarudia. Akajibiwa vile vile.

Na muda wote huo, katika sikio la kushoto la Tarsis, Bi Zeina alikuwa anasema.

"Tarsis? ... Mbona kimya. Haya, nasubiri. ... Maji yameingia dukani, yako kwenye vifundo vya miguu. ... Jirani yangu Fikirini ananiita nje, nimemwashiria atangulie, mimi naunganishwa. ... Tarsis, bado nipo."

Neno la mwisho Tarsis alilomwambia lilikuwa "usiondoke," na hakuwa na njia ya kulirudisha.

Alikaa. Hili ndilo watu hawakulijua baadaye. Alikaa kwa kiasi cha mtu kusali fungu moja la rozari, mikono juu ya mapaja, kwa sababu ufunguo ule aliuombea mwenyewe, na kwa sababu akili yake ilimwambia kwamba kambi watamaliza, kwamba huenda ni kweli kuna fujo, kwamba laini ina mwenyewe. Akamsikia Bi Zeina akisema maji yamefika kaunta. Akamsikia anakohoa. Kisha akanyoosha mkono akaushika waya wa kambi.

"Tarsis," alisema Kitwana taratibu, "huo ni wa kambi. Watakufunga."

Akauchomoa.

Sauti zote zikarudi kwa pamoja, bandari, faya, hospitali, kila mmoja anauliza. Tarsis akawaambia mashua Jangwani, magari Jangwani, watu wako juu ya mapaa, na wanaokimbia mjini si wahuni bali wakulima. Alisema kwa utulivu kabisa, na kila mmoja akaitika. Ndipo akaugeukia waya wa Bondeni.

"Bi Zeina, ondoka. Ondoka sasa."

Alisikia maji. Hayakuwa ya mbali. Yalikuwa kama yanayomiminwa ndani ya mtungi sikioni mwake. Ndani ya maji yale palikuwa na pumzi, au alidhani ni pumzi. Halafu mshindo mzito, mwororo, kama gunia la unga linapotuliwa. Baada ya hapo hapakuwa na kitu, hata ule mvumo wa waya.

Mashua za bandari ziliwashusha watu wote waliokuwa mapaani kabla ya magharibi. Bi Zeina walimpata siku ya pili kwenye mikoko, karibu na mto unapoingia baharini. Ukuta wa udongo wa nyuma ya duka ndio uliomwangukia. Fikirini, fundi wa vibatari aliyekuwa jirani yake, alikwenda kumtambua, na akawaambia watu kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa bado umekunjwa vile mtu anavyoshika mkonga wa simu.

Tarsis alingoja adhabu. Haikuja. Maofisa walikaa, wakauliza, Pettifer akasema ufunguo aliuchora yeye na lawama ni yake, na jambo likafungwa kwa sauti ya chini. Lililokuja badala yake lilikuwa baya zaidi: sifa. Habari ilivuja kwamba kuna Mchaga aliyewakata askari laini ili kuokoa watu wa bondeni, na Kariakoo nzima ikamfanya jamaa yake. Muuza kahawa pembeni ya Mtaa wa Sikukuu alikataa pesa yake. Wapagazi walimpisha njia. Sokoni wanawake walimwambia Severa, "Mumeo mwanaume." Tarsis alipita katikati ya maneno hayo amefunga koti lake mpaka shingoni.

Kibati cha Bondeni kilianza kuanguka wiki ile ile.

Duka halikuwapo, simu ilikuwa imefukiwa na matope, lakini alasiri, hasa mawingu yakitanda, kibati kilidondoka kwa mlio wake mdogo, na Tarsis akachomeka waya na kusema, "Ubao wa Dharura." Alisikia maji. Pettifer akasema ni unyevu kwenye waya, akaagiza ukatwe kule nguzoni. Ukakatwa. Kibati kikaanguka. Pettifer akasema basi ni springi yake imelegea, akaibadilisha kwa mkono wake, na hapo kikatulia kwa siku nyingi. Kikaanguka tena Kitwana akiwa peke yake chumbani. Kitwana hakusema alichosikia. Alimwambia Tarsis tu kwamba kuanzia leo yeye atakaa upande wa simu ya upepo, na hataki kuulizwa.

"Waya ule una mtu," alisema. "Msomeeni."

Nyumbani Tarsis aliacha kulala upande wa kushoto. Mvua ikigonga bati, aliinuka kitandani akakaa. Severa alimwuliza mara nyingi, mwisho akaacha kuuliza, akawa anakaa naye mpaka mvua ipite. Mara moja binti yao Clotilda, aliyekuwa bado mdogo, alimkuta baba yake sebuleni ameshika kikombe sikioni.

Arobaini ya Bi Zeina ilipopita, Ghanim alipiga hodi. Alikuwa mzee mfupi, ndevu zimepakwa hina, na kanzu yake ilikuwa safi ila haikupigwa pasi.

"Shikamoo, mzee Ghanim."

"Marahaba."

Severa alileta kahawa akaingia ndani. Ghanim hakuigusa. Alizungumza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake njiani.

"Siku ile nilikuwa Bagamoyo. Nimekaa na mwanamke yule tangu hajatimia miaka ishirini, na maneno yake ya mwisho umeyasikia wewe. Sikulaumu. Nimekuja unipe."

Tarsis akampa. Akamwambia yote kwa mpangilio, maji na alama, mapaa na watoto, vifundo vya miguu, kaunta. Akamwambia alivyosema "bado nipo." Mzee alisikiliza amefumba macho.

"Alikuwa anaogopa?"

"Mwanzo hapana. Alidhani nitamjibu."

"Fikirini ananiambia mlango ulikuwa wazi. Alimwita, naye akamwashiria kwa mkono atangulie. Zeina hakuwa mjinga. Akisikia panya anatoka nje. Kwa nini hakutoka?"

Severa alikuwa nyuma ya pazia, na baadaye alisema kwamba alitamani mumewe adanganye. Tarsis hakudanganya.

"Nilimwambia asiondoke. Nilimwambia namuunganisha. Kisha laini ikafungwa, na nilikawia kuikata ya kambi. Alikaa kwa neno langu."

Kule nje mtu alikuwa anapitisha mkokoteni, magurudumu yanalia. Ghanim alingoja mpaka ulipopita.

"Watu wanakusifu huko barabarani," alisema.

"Nawasikia."

"Mimi sitakusifu wala sitakulaani. Sina nguvu ya yote mawili." Akainuka, akashika kizingiti. "Lakini neno hilo lisisemwe tena kwa mtu yeyote katika simu zako. Mtu aliye kwenye maji usimwambie asubiri."

Akaenda zake. Kahawa ilibaki imejaa.

Kesho yake Tarsis alimwendea Pettifer akasema anataka kuuchora mtandao upya. Pettifer alikuwa ameshatandika karatasi. Naye hakuwa akilala. Walichora miezi mingi. Safari hii Tarsis hakuwa na haraka ya kujibu swali lolote. Ufunguo wa kambi uliondolewa. Maofisa walikasirika, Pettifer akapambana nao kwenye vikao mpaka akazeeka usoni, na mwisho wakakubaliana kwamba kambi inaweza kusikiliza kila kitu lakini haiwezi kumfunga mtu kinywa. Na kwenye vituo vya hatari, bonde la Jangwani na mengine kama hayo, paliwekwa mpini wa chuma ukutani. Ukivutwa mara moja, kengele inalia polisi, faya, hospitali, bandarini na kwenye ubao, yote kwa pamoja, na kila mmoja anajua ni wapi. Aliyeuvuta hana haja ya kusema neno. Mkonga ulikuwapo, kwa ajili ya majaribio ya asubuhi tu.

Tarsis alikwenda mwenyewe kuwafundisha watu wa vituo. Somo lilikuwa fupi mpaka wengine wakadhani anawadharau. "Vuta, kimbia. Usingoje sauti ya mtu. Ukisikia mtu anakwambia ngoja, usimsikilize, hata nikiwa ni mimi."

Kituo cha Jangwani alikichukua Fikirini, katika banda lake jipya la vibatari, hatua chache kutoka lilipokuwa duka.

Maji yalirudi mwaka wa hamsini na nane, alasiri tena, na safari hii mvua ilinyesha mji mzima. Kengele ya Bondeni ililia. Kabla Tarsis hajagusa kitu, vituo vilishaanza kuitika kimoja baada ya kingine kwamba vinatoka. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja. Akachomeka waya wa Bondeni, ingawa hapakuwa na sababu.

Mkonga ulikuwa umeachwa unaning'inia. Alisikia banda tupu likijaa maji: mabati yanagongana, kopo linazunguka, kiti kinaburuzika. Kitwana alimtazama kutoka meza yake. Tarsis alisikiliza kwa muda mrefu, na usoni mwake palikuwa na kitu ambacho Kitwana hakukiona tena maishani mwake. Akakisogelea kinywa cha simu, akanong'ona neno kwa aliyekuwa ng'ambo ya waya, kwa heshima, kama unavyoagana na mgeni mlangoni. Waya ulipokufa akavua visikilizio. Jioni bandari ikaleta habari kwamba Jangwani hakukosekana mtu.

Maji yalipopungua alishuka bondeni kuiangalia simu. Fikirini alikuwa anaanika mabati yake juani huku akilalamikia nyundo iliyochukuliwa na mto. Simu ilikuwa bado ukutani, imejaa matope mpaka kwenye tundu la sikio. Tarsis akatoa bisibisi, akapiga goti.

"Ulifanya kama nilivyokwambia?"

"Nilivuta, nikakimbia. Mkonga niliugonga kwa kiwiko, ukaanguka, sikuurudisha." Fikirini alikung'uta bati moja. "Ila kitu kimoja kimenishinda. Wakati natoka mbio, kuna mwanamke nilipishana naye mlangoni, uso sikuuona kwa mvua. Mimi natoka, yeye anaingia. Nikampigia kelele arudi, asinijibu. Kule juu nimewatafuta wote, nyumba kwa nyumba. Hakuna anayekubali kuwa ndiye, na hakuna aliyepotea."

Mkono wa Tarsis ulisimama.

"Alikuwa na haraka?"

"Hapana," alisema Fikirini. "Alikuwa anatembea kama mtu aliyeitwa."

Tarsis aliinamisha kichwa akaendelea kufungua skrubu. Ya kwanza ilitoka kwa urahisi. Ya pili ilikuwa imeshika kutu, na alihangaika nayo mpaka jua lilipofika nyuma ya Magomeni.